Tela Halina Ufunguo: Ulinzi wa Mali ya Magurudumu Mkoani Simiyu

Trekta lina ufunguo. Pikipiki ina ufunguo na, ikiwa bado nzima, hufungwa usukani. Tela halina chochote cha namna hiyo. Lina ulimi wa chuma wenye tundu, na pini ya kulishikiza nyuma ya trekta. Pini ikichomolewa, tela linabaki limeegemea jeki yake, na yeyote mwenye trekta anaweza kurudi kinyumenyume, akalenga tundu, akachomeka pini yake mwenyewe na kuondoka. Mkokoteni wa ng'ombe ndio rahisi zaidi: unahitaji jozi ya maksai, nira, na usiku usio na mbalamwezi.

Suala hili lina uzito wake Simiyu. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakawekwa Bariadi, na sensa ya 2022 ikahesabu humo zaidi ya watu milioni 2.1. Ndio mkoa unaoongoza Tanzania kwa pamba, na pamba haitembei yenyewe kutoka shambani. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, magunia huanza kuelekea kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) juu ya matela, mikokoteni, maguta na pikipiki. Kwa miezi kadhaa vyombo hivyo hulala popote usiku unapovikuta: kando ya ghala, nje ya nyumba ya wageni, chini ya mti wa jirani. Kaya nyingi zina utajiri wa namna mbili tu unaoweza kuhamishwa kwa usiku mmoja, nao ni ng'ombe na chombo cha magurudumu. Ng'ombe amewekewa ulinzi wa karne nyingi. Chombo cha magurudumu kimewekewa kufuli.

Mwizi ana maswali matatu ya kujibu kabla hajaingia kazini: nitakichukuaje, nitakipitisha wapi, nitamuuzia nani. Mwenye mali hutumia karibu pesa zake zote kwenye swali la kwanza. La pili amewaachia sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji, na polisi. La tatu halina mwenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloamua kama wizi utaendelea au utakoma. Kitu kisichouzika hakiibwi mara ya pili.

Lakini tuanze na kufuli, maana halistahili kudharauliwa. Kufuli la kawaida la dukani, lenye pete nyembamba, halifui dafu mbele ya grenda ya betri. Linakatwa kwa muda mfupi sana. Mnyororo unaolala chini nao ni zawadi kwa mwizi: ardhi inamsaidia kuegemeza mkono mmoja wa mkasi wa chuma, kisha anaukandamiza ule wa pili kwa uzito wa mwili mzima. Mnyororo huohuo ukiinuliwa juu, ukapitishwa ndani ya rimu, nyuma ya springi, ukazungushwa shina la mwembe na kukazwa mpaka usicheze, unamlazimisha afanye kazi akiwa amejipinda, kwa kelele, na kwa muda mrefu zaidi. Pini isiachwe kwenye tundu. Ilale ndani ya nyumba. Mahali pake pachomekwe boliti nene iliyotobolewa upande wa chini na kutiwa kufuli, ili hata mwenye pini yake akose pa kuichomeka. Ulimi wa tela uelekezwe ukutani au kwenye shina la mti, trekta la mgeni likose nafasi ya kusimama mbele yake. Na likiegeshwa kwa muda mrefu, kuanzia pamba inapokwisha mpaka mvua za kulimia, bora kuondoa tairi moja na kulaza ekseli juu ya gogo. Tairi ndilo linalouzika haraka kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo ukilitoa umelinda tela na umelinda tairi.

Mji wa Kisukuma wenye uzio mzito wa minyaa una faida nyingine ambayo wanaojenga nyumba za matofali barabarani wameipoteza. Uzio una mlango mmoja. Tela likiwekwa ndani, nyuma ya zizi, halitoki bila kupita karibu na watu wanaolala na ng'ombe wanaoshtuka.

Hata hivyo kufuli, mnyororo na uzio vyote vinanunua kitu kimoja tu: dakika. Dakika kumi za grenda ni ulinzi ikiwa yupo anayeisikia na akaamka. Kama hayupo, ni kazi ya ziada kwa mwizi, basi. Hapa ndipo Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Simiyu imo, ulipokuwa mbele ya maeneo mengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kuacha silaha nyingi mikononi mwa watu na uchumi ukiwa hoi, wizi wa ng'ombe ulishamiri katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Wanavijiji wa upande wa Kahama na Nzega wakajipanga, na ndani ya muda mfupi sungusungu wakaenea Usukumani kote. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuukwepa. Kila kaya ilitoa mtu. Yowe la hatari, mwano, lilipopigwa kijiji kimoja, cha pili kililipokea na kulipeleka cha tatu, na watu wenye pinde walizuia njia kabla mwizi hajazifikia. Waliofuata nyayo walikabidhiana mpakani: nyayo zikiingia kwenu, ni juu yenu kuonyesha zilikoelekea. Asiyeitika mwano alitozwa faini, na mkaidi alitengwa. Hakuna wa kuzungumza naye, hakuna wa kumsaidia msibani. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono hadharani, na mwaka 1989 Bunge likabadilisha sheria ili sungusungu wawe na uwezo wa kukamata unaofanana na ule wa mgambo.

Lakini mwano peke yake haukutosha hata wakati ule. Ng'ombe alilindwa pia na ukweli kwamba kila mchungaji alimjua kwa rangi, pembe na chapa. Tangu zamani hizo serikali imeongeza karatasi juu ya karatasi. Kumsafirisha ng'ombe kunahitaji kibali cha ofisa mifugo. Mnadani kuna watu wa kuuliza ametoka wapi. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kila mnyama kuwa na alama; kampeni ya kupiga chapa ya 2017 hadi 2018 ilifanyika wizara ikiwa chini ya Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa wilayani Meatu; na Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo hapo hapo Bariadi. Wafugaji wamelalamika sana njiani, hasa kuhusu gharama za hereni za utambuzi, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Hata Kanuni ya Adhabu inaonyesha upendeleo: wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 7, ilhali kwa wizi wa ng'ombe kinaweza kufika miaka 15.

Sasa weka tela kando ya ng'ombe huyo. Halina chapa. Halihitaji kibali kutoka kata moja kwenda nyingine. Hakuna mnada wenye karani wa kuuliza lilipotoka. Akiiba tela, mwizi anahukumiwa kwa kifungu kilekile cha aliyeiba baiskeli.

Njia nazo zimebadilika. Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi, kilomita 171.8, sasa ni ya lami. Hakuna mkulima wa Simiyu anayetamani ya vumbi irudi, lakini lami haishiki alama ya tairi. Katika udongo mweusi wa mbugani, mvua ikiwa imenyesha, tela lililoibwa huacha mifereji miwili ambayo hata mtoto ataifuata. Likishapanda lami, wanaofuata nyayo wamefika mwisho wa kazi. Lamadi kuna njia panda ya Mwanza na Musoma. Kusini, Mwigumbi inakutoa kwenye barabara ya Shinyanga na Mwanza. Upande wa kusini-mashariki, kutoka Mwanhuzi, daraja la Sibiti linakuvusha kwenda Mkalama, mkoani Singida. Sungusungu waliundwa kwa ajili ya mwizi anayetembea kwa mwendo wa ng'ombe. Simu imerudisha sehemu ya nguvu zao, maana mwano sasa unaweza kufika Lamadi kabla ya mwizi, na makundi ya WhatsApp ya bodaboda hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila ujumbe wa "tela jekundu limeibwa Nkololo" haumsaidii mtu. Matela mekundu ni mengi.

Na mara nyingi halipelekwi mbali likiwa zima. Hapa tunafika kwenye swali la tatu.

Mkokoteni wa Usukuma wenyewe ni kazi ya sanaa ya chakavu. Ekseli imetoka kwenye pikapu iliyokufa, matairi kwenye gari jingine, fremu imechomelewa mtaani kwa vyuma vya pembe vilivyopatikana, bodi ni mbao. Tela la pawatila na matela mengi madogo ya trekta hutengenezwa vivyo hivyo. Ufundi huu umewapa chombo watu ambao wasingeweza kununua cha dukani, na atakayeupiga vita atawaumiza wakulima kabla hajamgusa mwizi. Lakini umezoesha soko zima kununua ekseli isiyo na historia. Rimu mbili, beringi, springi na ekseli vikitenganishwa, hakuna anayeweza kusema vilikuwa tela la nani. Kinachobaki, yaani fremu, kinakatwa na kupimwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa. Biashara ya chuma chakavu inahitaji vibali vinavyosimamiwa kupitia baraza la mazingira, NEMC, lakini kibali ni cha mfanyabiashara. Hakimtambui aliyeleta mzigo jioni ile.

Nchi nyingine zilikutana na tatizo hilihili zikiwa na mali ya aina tofauti. Uingereza, ambako watu huvuta nyuma ya magari nyumba ndogo za likizo zenye magurudumu, wizi uliwasumbua mpaka mwaka 1992 ukaanzishwa usajili uitwao CRiS: kila nyumba inapewa namba, namba inachongwa kwenye chesisi na kwenye vioo vya madirisha, na mnunuzi anaweza kuuliza kama iliyo mbele yake imeripotiwa kuibwa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1984, iliwataka watengenezaji waweke namba kwenye sehemu kuu za magari yanayopendwa na wezi, injini na milango ikiwemo, kwa kutambua kwamba gari haliuzwi likiwa gari. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 ilianza kumtoza faini mwendesha pikipiki asiyevaa helmeti. Wizi wa pikipiki ukashuka kutoka takriban 150,000 mwaka huo hadi kama 54,000 mwaka 1986, kwa sababu mwizi wa kubahatisha hatembei na helmeti kwapani na barabarani angesimamishwa na polisi wa kwanza. Hakuna aliyekuwa amelenga wizi. Bariadi dawa hiyo isingefanya kazi, maana dereva asiye na helmeti hamshangazi mtu; ila inaonyesha kwamba ulinzi mkubwa unaweza kutoka mahali ambapo hapana kufuli hata moja.

Namba, basi. Hapa nchini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalihesabu tela kuwa kitu cha kusajiliwa, na ndiyo maana tela la lori hubeba namba yake tofauti na ya kichwa. Matela ya shambani, hasa yaliyochomelewa mtaani, mengi hayajawahi kufika kwenye dawati la mamlaka ya mapato, TRA. Mwenye nalo akiibiwa, anachopeleka polisi ni maneno.

Maneno hayo yana kipimo mahakamani, na watu wengi wanakijua wakiwa wamechelewa. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba mtu hatiwi hatiani kwa kukutwa na mali ya wizi mpaka ithibitike kuwa alikutwa nayo kweli, kwamba mali hiyo ni ya mlalamikaji, kwamba imeibwa karibuni, na kwamba ndiyo inayotajwa kwenye shitaka. Zaidi ya hapo, mwenye mali anatakiwa aeleze alama ya pekee ya mali yake kabla hajaonyeshwa. "Ni langu, nalijua" haitoshi. Mtuhumiwa naye atasema analijua. Lakini ukiandikisha polisi kwamba chini ya bodi, upande wa kushoto, nyuma ya springi, kuna herufi tatu na tarakimu nne zilizogongwa kwa patasi za namba, kisha fundi akalala chini ya tela mbele ya askari na kuzisoma, kesi imesimama.

Hivyo alama igongwe mahali pasipopungua patatu: ulimini waziwazi ili mwizi aione na kughairi, kwenye ekseli, na mahali pa siri. Rangi haisaidii, hufutwa kwa rangi. Kuchora kwa moto wa kuchomelea ni afadhali, japo grenda huisawazisha alama. Namba iliyogongwa inazama ndani ya chuma, na anayeifuta anaacha kovu ambalo mnunuzi mwenye macho ataliuliza. Picha zipigwe, moja ikimwonyesha mwenye tela akiwa kando yake. Risiti ya fundi au hati ya mauziano yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji itunzwe pamoja na kadi ya ng'ombe na ya kliniki, kwenye ile bahasha ambayo kila nyumba inayo.

Bima naipitia haraka. Wengi wana bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu wa tatu, wakidhani wamekingwa na wizi. Hawajakingwa. Inayolipa wizi kwa kawaida ni bima kubwa, na haitolewi kirahisi kwa chombo kisicho na usajili.

Pikipiki inastahili maneno yake, kwa sababu inazo namba zote na bado inaibwa. Ina namba ya chesisi, ya injini, kibao cha MC, kadi. Nyingi zinaendeshwa kwa mkataba: dereva anampelekea tajiri hesabu ya kila siku mpaka siku zilizokubaliwa zitimie, kisha chombo kinakuwa chake. Tajiri huweka GPS yenye laini ya simu, na kifaa hicho kimerudisha pikipiki nyingi, ingawa mwizi mzoefu huanza kwa kukitafuta chini ya kiti na kwenye taa. (Kwenye tela kifaa hicho kinahitaji betri yake yenyewe, na betri isiyochajiwa hailindi kitu.) Ila GPS ina kazi ya pili isiyosemwa sana: inamchunga dereva. Sehemu ya pikipiki "zilizoporwa" huwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa, na wamiliki wa matela nao watakuambia kwamba mara nyingi aliyeelekeza mahali pini inapofichwa ni kibarua au ndugu. Mkataba wa maandishi na wadhamini wanaojulikana unazuia wizi wa ndani kuliko kifaa chochote.

Na kuna upande ambao haupaswi kuchanganywa na habari za kufuli. Abiria wa usiku anayetaka kupelekwa kijiji cha mbali, bei asiyoibishia, ndiye hatari kubwa kwa dereva wa bodaboda. Madereva wameuawa nchini kwa ajili ya chombo. Vijiwe vinavyoandika namba ya simu ya abiria na kumwambia waziwazi kwamba imeandikwa, au vinavyotaka safari ya usiku iende na pikipiki mbili, vinalinda uhai. Pikipiki ikiporwa kwa silaha, iachwe.

Upande wa pili wa uhai ni wa mtuhumiwa. Sungusungu na wananchi wenye hasira wameua watu, wengine wasio na hatia, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti vifo vya namna hiyo mwaka hadi mwaka. Ukiacha haki yenyewe, kuna jambo ambalo wenye mali hawalipigii hesabu: aliyechomwa moto hasemi alimuuzia nani. Soko linabaki salama, na mwezi ujao linahitaji msambazaji mpya.

Turudi basi kwa mnunuzi, kwa sababu sheria imemwacha uchi kuliko anavyojua. Mwizi hawezi kumpa mtu umiliki asiokuwa nao. Mwenye mali akitokea na uthibitisho, aliyenunua anapoteza tela na pesa. Akipokea huku ana sababu ya kuamini kuwa ni mali ya wizi, anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10, zaidi ya mwizi wa kawaida. Kilichokosekana ni kumfanya aulize. Halmashauri za wilaya zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na vijiji vinaweza kupendekeza za kwao. Sheria ndogo ya kurasa mbili ingetosha: tela, mkokoteni au ekseli iliyotumika isiuzwe wala isikatwe bila barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka muuzaji, fundi wa kuchomelea na mnunuzi wa skrepa waweke daftari la jina, simu na maelezo ya mzigo, fundi anayetengeneza chombo kipya akigonge namba kabla hakijatoka karakanani.

Mafundi watapinga, na wana hoja. Fundi wa Bariadi akidai barua, mteja atavuka kwenda Magu au Kishapu, mkoa mwingine, sheria nyingine. Kwa hiyo wilaya moja haitoshi. Ni jambo la kuzungumzwa na mikoa jirani pamoja, kama ilivyokuwa kwa mwano, ambao haukusimama kwenye mpaka wa kijiji. Watendaji nao watageuza barua kuwa mradi wa kujipatia chochote, hivyo ada itajwe kwenye sheria yenyewe, au iwe bure. Na fundi apewe sababu ya kukubali: tela lenye namba na barua linaweza kuuzwa kwa bei nzuri zaidi kuliko lisilo navyo, kama mnadani ng'ombe mwenye chapa na kibali anavyosimama bila wasiwasi.

Mkoa uliokuwa mwenyeji wa maonesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa kwa miaka mitatu, 2018 hadi 2020, tayari una uwanja wa kuanzia. Wauza matrekta na matela hujipanga kwenye uwanja huo wa Nyakabindi, Bariadi, kila Agosti. Wanaweza kuambiwa kwamba mwaka ujao hakuna tela litakalotoka uwanjani likiwa halina namba mahali patatu, na polisi kata wa Bariadi wakakaa meza ya jirani na seti ya patasi na nyundo kwa ajili ya wanaokuja na mikokoteni yao ya zamani.